Chungu Kisicho na Saini

Kijana wa Mbeya akionekana ana mkono wa kuchora, ushauri wa kwanza anaopewa ni apande basi aende Dar es Salaam. Huko ndiko kwenye kumbi, wateja na wasanii wenzake. Ukisoma historia ya sanaa ya nchi hii utaona ushauri huo haukutoka hewani. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora mjini humo mwaka 1968 na kuuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972. Wanafunzi na ndugu zake wakajikusanya kuendeleza kazi, na mwaka 1990 kundi lao likawa chama rasmi cha ushirika. Mwaka uleule wa kifo chake, Sista Jean Pruitt, mtawa wa Maryknoll kutoka Marekani, alianzisha Nyumba ya Sanaa, mahali ambapo George Lilanga alijipatia jina. Nyanda za Juu Kusini hazimo katika simulizi hiyo. Iringa inatajwa kwa Mkwawa, kwa Kalenga, kwa fuvu lililorudishwa mwaka 1954. Mbeya inatajwa kwa mpunga na baridi.

Nimeishi katika miji yote miwili, na maelezo ya kwamba huku hakukuwa na jumuiya za wasanii hayajawahi kuniingia akilini. Zilikuwepo. Zilikosa vitu viwili ambavyo mwandishi wa historia huvitazama kwanza: kibao mlangoni na saini kwenye kazi.

Chukua vyungu. Mji wa Mbeya wenyewe ni wa juzi tu, ulianza mwaka 1927 wakati watu wakikimbilia dhahabu ya Lupa. Lakini kusini yake, kwenye pwani ya Ziwa Nyasa, wanawake wa Kikisi walikuwa wakifinyanga kabla ya mji huo kufikiriwa. Anayefika Matema akatazama mashariki ataelewa sababu bila kuelezwa. Milima ya Livingstone inashuka karibu wima hadi majini, na pale Ikombe nyumba zimebanana kwenye vipande vya ardhi kati ya mwamba na ziwa. Utalima nini hapo? Wakisi walivua samaki, na wanawake wao wakafinyanga. Vyungu vilipakiwa kwenye mitumbwi, vikapelekwa kwa Wanyakyusa wa bondeni wenye udongo mnene na ndizi za kutosha, vikarudi vikiwa chakula. Monica Wilson na mumewe Godfrey, walioishi na Wanyakyusa kwa ajili ya utafiti katika miaka ya 1930, waliikuta biashara hiyo tayari imekomaa. Kijiji kizima kilikula kwa sanaa. Sijui mji wowote wa Tanzania leo unaoweza kusema hivyo.

Hakuna gurudumu katika ufinyanzi huo. Chungu kinajengwa kwa mkono, kinalainishwa, kinakaushwa na kuchomwa kwenye moto wa wazi. Binti hakwenda chuoni, alikaa karibu na mama au shangazi, akaharibu vichache, akaendelea. Hadi leo, Jumamosi pale Lyulilo karibu na Matema, ni siku ya gulio, na vyungu hupanda barabara hadi masoko ya Mbeya, ambako vinapangwa chini kando ya ndoo za plastiki. Mnunuzi huuliza kama ni cha Kikisi. Hauliza ni cha nani.

Hivyo hivyo Iringa na vikapu vyake vya milulu. Wanawake wa Kihehe wanavisuka, na vinauzwa hadi Ulaya vikiitwa kwa jina la mkoa. Jina la mahali limeuzika kuliko jina la mtu yeyote aliyeketi kusuka.

Jumuiya ninayotaka kukaa nayo zaidi, hata hivyo, haina umri wa vyungu wala vikapu. Mwaka 2003, Mwingereza aitwaye Susie Hart, fundi wa kazi za mikono, alianza mradi mjini Iringa chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana. Alianza na vijana watatu, wote viziwi. Kazi yao ya mwanzo ilikuwa kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Watu hucheka wakisikia, lakini jambo lenyewe lina mantiki: tembo hula majani na magome na kuyameng'enya nusunusu, kwa hiyo kinachotoka ni nyuzi tupu. Ukichemsha vizuri, ukasafisha, ukachanganya na karatasi chakavu, ukachota kwa chekeche na kuanika juani, unapata karatasi nzito yenye chembechembe, ambayo mgeni atailipia bila kubisha sana. Mradi ukaitwa Neema Crafts. Zikaongezeka kazi za kufuma, kushona, shanga na kuchapa vitambaa, na baadaye idadi ya mafundi wenye ulemavu ikapita 100.

Ili kuona uzito wa hatua ile, rudi nyuma kidogo. Shule ya viziwi ya Tabora, ya kwanza nchini, ilifunguliwa mwaka 1963. Kwa mtoto kiziwi wa kijiji cha Iringa, Tabora ilikuwa mbali kama mwezi. Wengi walikua na ishara chache za nyumbani zinazoeleweka na mama na ndugu wawili, basi. Sheria haikukosekana: ile ya mwaka 1982 iliwataka waajiri wakubwa watenge nafasi kwa watu wenye ulemavu, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ikaweka asilimia 3 kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi. Msomaji, hesabu wenzako ofisini kwako.

Pale karakana ya Iringa hesabu iligeuzwa juu chini. Aliyekuwa wachache akawa wengi, na lugha ya alama ikawa lugha ya kazi. Mimi niliyekwenda kama mteja nilijikuta ndiye asiyejua kusema. Kwenye mgahawa wao wahudumu ni viziwi: unaandika unachotaka kwenye karatasi, au unajaribu alama ulizoelekezwa na kuchekewa kwa upole. Ndani ya karakana, kilichonikaa zaidi kichwani ni jambo dogo. Fundi anayesikia anaweza kufuma huku akipiga soga. Fundi kiziwi akitaka kuzungumza lazima aache uzi, kwa sababu mikono ileile ndiyo mdomo. Kwa hiyo mazungumzo yana gharama, na wanalipa kwa hiari: mmoja anasimamisha kazi, anayetazama naye anasimama, hadithi inavuka chumba kizima bila sauti, mtu wa kona ya mbali anaangua kicheko, kisha mitambo ya kufumia inaanza tena. Msimamizi wa kiwanda angeita huo ni muda uliopotea. Mimi nauita ndiyo maisha yenyewe ya jumuiya ya wasanii, na sioni tofauti yake na vijiwe vya wachoraji wa Oysterbay, isipokuwa kwamba huku umbea haupigiwi kelele.

Nina shaka zangu, na sitazificha kwa sababu tu mahali penyewe ni pazuri. Jumuiya iliyoanzishwa na mgeni na kulelewa na kanisa huishi kwa mlango wa watalii. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5, mwaka 2020, janga la korona lilipofunga viwanja vya ndege, walibaki kama 620,000. Mtu yeyote anayeuza daftari la kinyesi cha tembo anajua maana ya tarakimu hizo. Chungu cha Kikisi hakihitaji ndege. Mnunuzi wake yuko Kyela, Tukuyu na Mbeya, anataka kupika maharage. Lakini naye ana adui zake, sufuria ya bati na ndoo ya plastiki, na hao hawangoji janga.

Kisha kuna suala la jina, ambalo ndilo linalonikera. Wafuasi wa Tingatinga walirithi jina la mtu mmoja, likawalisha wote na kuwafunika wote: mteja ananunua "tingatinga" bila kujali aliyeichora ni nani. Hata hivyo wachoraji wale walitia saini, na watafiti wakaweza kurudi nyuma na kutofautisha mkono wa January Linda na wa Simon Mpata. Mfinyanzi wa Ikombe hakuacha njia hiyo. Akifa, historia yake inavunjika pamoja na chungu chake cha mwisho. Wapo watakaosema hivyo ndivyo ilivyo desturi, kwamba sanaa ya pamoja haitaki jina. Siamini kama mwanamke yeyote wa Ikombe aliwahi kuulizwa. Sisi tulioenda shule, tunaopenda kuandika kuhusu "jamii", tunaona raha kuwapa umoja ambao sisi wenyewe tungeukataa. Hakuna mwandishi wa gazeti hili anayekubali makala yake itoke ikiwa imeandikwa tu kwamba ni ya Mbeya.

Mara ya mwisho nilipokuwa sokoni Mbeya nilichukua chungu kimoja, nikakipindua kutazama kitako kama kuna alama yoyote, herufi, mkwaruzo wa makusudi, kitu. Palikuwa na masizi ya kuchomea tu. Mama muuzaji alinitazama, akadhani natafuta ufa. Akakitwaa mkononi mwangu, akakigonga kwa kifundo cha kidole mara mbili, karibu na sikio langu, nisikie kinavyolia.