Mirathi ya Waislamu mbele ya tribinali za Kongo

Uislamu uliingia Maniema katika karne ya 19, pamoja na wafanyabiashara waliotoka Zanzibar. Kasongo ikawa moja ya vituo vyao vikubwa. Nikaha, mahari na mirathi ya Kiislamu vikaota mizizi kwa wakaaji.

Waingereza walitambua mahakama za kadhi huko Zanzibar na pwani ya Kenya. Wabelgiji walifuata njia nyingine: dekreti ya mwaka 1926 iliweka tribinali za wenyeji, zilizoamua kwa desturi za kabila. Dekreti ya mwaka 1950 ikakataza ndoa mpya za wake wengi.

Baada ya uhuru, Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ilileta kanuni moja kwa raia wote. Ilirekebishwa mwaka 2016, lakini ndoa ilibaki ya mume mmoja na mke mmoja, na ni lazima iandikishwe kwa ofisa wa serikali. Katiba ya mwaka 2006 inasema Serikali haina dini, lakini kila mtu ana uhuru wa kuabudu.

Tofauti inaonekana baba anapofariki. Katika sheria ya Kiislamu, mtoto wa kiume hupata mara mbili ya sehemu ya dada yake, na wake wote wa marehemu aliyeacha watoto hugawana sehemu moja ya nane. Sheria ya Kongo inawapa watoto robo tatu za mali, kwa sehemu sawa, wasichana na wavulana. Robo inayobaki ni ya mjane, wazazi na ndugu wa marehemu.

Shehe anaweza kupatanisha familia, na wengi humaliza mambo hapo. Kesi ikifika tribinali ya amani, jaji hufuata sheria ya nchi. Mke wa pili aliyeolewa kwa nikaha tu hahesabiwi kuwa mjane, hata kama aliishi na marehemu miaka mingi. Lakini watoto wake, baba akiwa amewatambua kisheria, wanarithi sawa na wale wa mke wa kwanza.

Kwa familia zilizokimbia vita na kuacha karatasi nyumbani, jambo hili ni zito. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa anaweza kuombewa hukumu ya tribinali inayochukua nafasi ya cheti hicho. Mama mwenye nikaha bila cheti cha serikali, heri aandikishe ndoa yake mume akiwa hai, kama sheria inamruhusu.