Furushi la Daktari Wyman

Katika Septemba ya mwaka 1870, Morrill Wyman, tabibu wa mji wa Cambridge katika jimbo la Massachusetts, Marekani, alikwenda kwenye milima ya White Mountains naye amechukua furushi la magugu. Kila mwaka, tangu mwisho wa Agosti hata jalidi ya kwanza, alishikwa na chafya, macho yakamwasha na pumzi zikambana; lakini huko milimani hupona. Basi akalifungua furushi, akayanusa magugu yale yeye na mwanawe, na mara chafya zikawashika wote wawili. Habari hizo alizichapisha mwaka 1872.

Kabla yake, mwaka 1819, John Bostock wa London alikwisha eleza maradhi kama hayo mwilini mwake mwenyewe. Watu wa kawaida walisema ni nyasi kavu. Yeye akakataa, akalilaumu joto la kiangazi. Wasiosoma walikuwa karibu zaidi na kweli. Mwaka 1873 Charles Blackley wa Manchester alithibitisha kwamba chanzo ni chavua: aliikwaruza ngozi yake akaipaka chavua ya nyasi, ikavimba.

Gugu la Wyman wataalamu huliita Ambrosia, yaani chakula cha miungu wa Kiyunani! Maua yake ni ya kijani, madogo, hayavuti nyuki. Chavua yake huchukuliwa na upepo. Nalo hupenda ardhi iliyovurugwa: kando ya shamba, ya barabara, ya reli. Walowezi waliofyeka misitu walijiandalia chafya zao wenyewe.

Dawa ilikuwa kukimbia. Mwaka 1874 wagonjwa waliunda chama chao huko Bethlehem, New Hampshire, penye hewa safi na hoteli. Walakini kibarua wa shamba, ambaye mavuno yake huangukia majira yale yale, angekimbilia wapi? Hakupata nafuu mpaka wengine walipoacha kuhama, wakaugeukia mwili wenyewe. Mwaka 1911 Leonard Noon, wa London, alieleza jinsi ya kuuzoesha mwili kwa kudunga chavua kidogo kidogo chini ya ngozi. Tiba hiyo hutumika hata leo. Baadaye zikaja tembe, na dawa za kupuliza puani, ambazo mgonjwa huanza kuzitumia kabla ya msimu.

Gugu nalo limevuka bahari, likaenea Hungaria na bonde la Rhône katika Ufaransa. Huko wenyeji huling'oa kabla halijachanua, nao wamevaa glavu.