HISTORIA YA DUKA LA KAMPALA: NYUMBA MOJA, WENYEJI WENGI



Kamati imeomba waalimu tuandike juu ya historia ya nchi iliyotupokea. Mimi nimechagua kitu ambacho kila aliyekwenda Kampala kufuatilia karatasi zake amekipita njiani: duka la zamani, lenye baraza mbele na bati juu.

Mtindo wa nyumba hiyo uliletwa na wafanyabiashara Wahindi. Mkubwa wao alikuwa Alidina Visram, aliyefariki mwaka 1916. Yeye alifungua maduka kutoka pwani mpaka Uganda, akifuata njia za misafara na baadaye reli, ambayo ilifika Kisumu mwaka 1901 na Kampala mwaka 1931. Mbele paliuzwa nguo, chumvi, sukari na mafuta ya taa. Nyuma palikuwa na stoo, jiko, ua na vyumba vya familia. Fundi cherehani alikaa barazani. Duka lilikuwa pia mahali pa kukopa na pa kupata habari.

Lakini tusiseme kwamba wote walifurahi. Chini ya ukoloni, Mwafrika alilima pamba, ila kuichambua na kuiuza ng'ambo kulikuwa mikononi mwa wengine. Jambo hilo lilikuwa moja ya sababu za ghasia za Buganda mwaka 1949. Mwaka 1959 Augustine Kamya na wenzake waliongoza mgomo wa kutonunua katika maduka ya Wahindi. Malalamiko yalikuwa ya kweli, na serikali hazikuyatatua kwa haki.

Mwezi Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Wenye maduka wakawa wakimbizi, kama sisi. Uingereza ilipokea karibu watu 28,000, na Kanada zaidi ya 6,000. Wale wasio na uraia wa nchi yoyote walisaidiwa na Umoja wa Mataifa kupata mahali pa kwenda. Waliacha nyuma bidhaa, vitanda, hata sufuria.

Maduka yaligawiwa askari na watu wa karibu na serikali. Raia waliwaita wenyeji hao wapya "mafuta mingi". Wengi wao hawakujua biashara. Bidhaa zilipokwisha, rafu zilibaki tupu. Majengo yaliwekwa chini ya bodi ya serikali ya kutunza mali za Waasia walioondoka. Chumba kimoja kikawa makao ya familia mbili, stoo ikawa karakana. Vita vya 1979 vilipofika Kampala, yaliyosalia yaliporwa.

Hata majengo makubwa yalibadilika. Sinema ya Norman, iliyopewa jina la Norman Godinho, mfanyabiashara wa asili ya Goa, ilionyesha filamu kwa miaka mingi. Baadaye ikawa mahali pa ibada pa kanisa lililoanzishwa mwaka 1984, ambalo sasa linaitwa Watoto. Palipokaa watazamaji, walikaa waumini.

Mwaka 1982 bunge lilipitisha sheria ya kurudisha mali hizo, na katika miaka ya 1990, chini ya Rais Museveni, maduka mengi yalirudishwa. Wengine walirudi wenyewe, wengine walituma wakili, wengine waliuza. Aliyekuwa ametunza hati yake kwa miaka 20 huko ugenini alikuwa na mahali pa kuanzia. Asiyekuwa na karatasi alipata taabu kubwa. Na tusimsahau mpangaji aliyeishi humo miaka hiyo yote, akalea watoto wake humo: siku moja aliambiwa alipe kodi kwa mtu asiyemjua, au ahame. Yeye hakumfukuza mtu yeyote.

Leo, katika mitaa kama William na Luwum, maduka mengi ya zamani yamebomolewa, na mahali pake pamesimama maghorofa yenye vijiduka vidogo sana, ambamo mtu mmoja huuza viatu na jirani yake hutengeneza simu.

Ndugu zangu, kwa nini nimeandika haya katika kijitabu cha kumbukumbu ya wakimbizi? Kwa sababu wengi wetu tuliacha nyumba, na hivi sasa kuna mtu anayelala ndani yake. Pengine ni mwizi, pengine naye alikimbia kutoka kijiji kingine. Historia ya Kampala yaonyesha kwamba matumizi ya nyumba hubadilika, lakini haki inaweza kubaki hai muda mrefu ikiwa imeandikwa.

Kwa hiyo naiomba kamati ianzishe daftari. Kila familia iandikishe kiwanja chake kilipo, mipaka yake, majina ya majirani, na mwaka ilipoondoka. Mwenye hati afanye nakala. Mashirika yatusaidie kuzitunza mahali pasipo mvua wala moto. Wazee wasimulie sasa, na vijana waandike, maana mzee akifariki mipaka ya shamba huzikwa pamoja naye.



Mwalimu wa shule ya msingi, kambini