Viti vya Chandigarh: Vilitupwa kama skrapu, saa hii vinauzwa mamilioni

Kuna kiti fulani cha mbao, miguu yake imekaa kama herufi V iliyopinduliwa. Pengine umekicheki kwa picha za keja za mastaa majuu ukapita tu. Jozi moja ya originali inaweza kugonga zaidi ya dola 10,000 kwa mnada, yaani zaidi ya milioni moja pesa ya Kenya. Na kitambo kilikuwa kiti cha karani wa serikali huko India. Rada ni hii.

Vilitoka wapi?

Mwaka wa 1947 India na Pakistan zikiachana, jimbo la Punjab lilikatwa mara mbili na mji wake mkuu, Lahore, ukabaki Pakistan. Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru akataka mji mpya kabisa, na 1951 kazi ikapewa Le Corbusier, mchoraji majengo mzaliwa wa Uswisi aliyechukua uraia wa Ufaransa. Lakini yeye alikuwa wa kuja na kwenda. Msee aliyebaki site hadi 1965 ni binamu yake, Pierre Jeanneret.

Ofisi, korti na chuo vilikuwa vinajengwa, na vyote vilihitaji pa kukalia. Jeanneret na timu yake, akiwemo mchoraji Mhindi Eulie Chowdhury, wakachora viti, meza na kabati za mtiki na henzirani ya kusukwa. Vitu vya hapo hapo, bei poa, na henzirani inapitisha hewa wakati wa joto. Mafundi wa karakana tofauti ndio walivipiga randa, ndiyo maana viti viwili haviwezi kufanana kabisa.

Viliendaje?

Miaka ikasonga, vikachakaa, ofisi zikaleta vya kisasa. Vya kitambo vikarundikwa juu ya paa na nyuma ya majengo, kisha vikapigwa mnada kwa bei ya kutupa. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990, wafanyabiashara kutoka Ufaransa wakaanza kuvibeba kwa wingi, wakavirekebisha na kuvipeleka majuu.

Hapo ndipo inauma: mengi ya hayo yalikuwa manunuzi halali. Aliyeuza hakujua ako na nini, aliyenunua alijua. Serikali ya India ilipiga marufuku kuviuza mwaka wa 2011, lakini vilivyokuwa vimetoka vinaendelea kuuzwa London, Paris na New York. Kwa katalogi utapata jina la Jeanneret. La fundi, sahau.

Ukitaka kununua

• Originali nyingi zina herufi na nambari za ofisi zilizopakwa rangi. Lakini hata hizo watu hufeki, usiamini alama peke yake.
• Itisha karatasi za kuonyesha kilitoka jengo gani na kilipitia mikono ya nani.
• Kikiwa kinang'aa kama kimetoka dukani jana, uliza maswali. Kimerekebishwa kiasi gani?
• Kopi si dhambi, bora usiuziwe kwa bei ya originali.

Ukitaka kutembea

Chandigarh iko kama kilomita 250 kaskazini mwa Delhi. Anzia Capitol Complex: Bunge, Korti Kuu na jengo la ofisi za serikali, yote ya saruji tupu. UNESCO iliiweka kwa orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2016. Unazungushwa na gaidi, kwa hivyo beba paspoti. Kuna pia mnara wa Mkono Wazi, mita 26. Nyumba aliyoishi Jeanneret, namba 57 Sekta 5, sasa ni makumbusho. Aliaga 1967, na majivu yake yalimwagwa ziwa Sukhna, hapo hapo mjini.

Na kama tiketi ya India bado ni ndoto, ladha ya saruji ya enzi hizo iko hapa Nairobi. KICC ilichorwa na Karl Henrik Nøstvik wa Norway pamoja na David Mutiso, ikakamilika 1973. Panda hadi juu ucheki tao.

Na siku ofisi yenu ikianza kutoa viti vya kitambo nje, kipindue kimoja kwanza uangalie chini kabla mtu wa skrapu afike.