Fanesi ya mtumba gerejini: moshi wake unakwenda wapi?

Mama, kama mlihamia Marekani au Kanada kutoka Kongo, Burundi, Kenya au Tanzania, huenda jiko la mkaa ndilo lililokufundisha kuhusu sumu hii. Sote tumesikia habari za watu walioingiza jiko chumbani usiku wa baridi, wakafunga madirisha, wasiamke. Hapa jiko hilo hatulioni, lakini kuna fanesi, ile mashine ya gesi inayopasha nyumba joto, na katika nyumba nyingi imewekwa gerejini, ukuta mmoja tu na chumba cha watoto. Moshi wake usipopata njia ya kutoka nje, sumu inayobaki ndani ni ileile ya mkaa: kaboni monoksidi.

Gesi hii haina rangi, haina ladha, haina harufu. Ile harufu ya yai bovu unayoisikia gesi ya kupikia inapovuja imeongezwa kwa makusudi ili watu washtuke. Gesi ikishaungua, harufu hiyo hupotea. Kwa hiyo usitegemee pua yako.

Kwa nini fanesi iliyotumika ni ya kuangaliwa zaidi

Fanesi mpya ni ghali, na simlaumu baba watoto aliyepata ya mtumba kwa bei nafuu. Lakini fanesi iliyofanya kazi vizuri kwa jirani inaweza kuwa hatari kwako. Ndani yake kuna chemba ya chuma inayotenganisha moto na hewa mnayovuta. Chemba hiyo huchoka na kupasuka, na ufa wake hauonekani kwa kutazama tu kutoka nje. Pia fanesi iliyotengenezwa kwa gesi asilia haiwezi kuunganishwa hivihivi kwenye mtungi wa propani. Itawaka, lakini vibaya, na moto unaowaka vibaya ndio unaotoa kaboni monoksidi nyingi.

Halafu kuna bomba la moshi. Fanesi huuzwa bila bomba, na hapo ndipo watu hubuni.

Majira ya baridi fulani nilimtembelea mama aliyekuwa na mtoto mchanga. Kila asubuhi kichwa kilimuuma, na mtoto wake wa miaka 3 alikuwa akitapika. Hakuna aliyekuwa na homa. Jambo lililonishtua ni kwamba wakienda kanisani wote walipata nafuu, wakirudi nyumbani yanaanza upya. Niliomba kuona fanesi. Bomba lake lilipanda vizuri hadi dari ya gereji, likapita, likaishia humo humo juu ya dari. Rafiki aliyewafungia alikuwa amesema atalimalizia Jumamosi inayofuata. Tulitoka nje na watoto wakiwa na soksi tu, tukapiga 911, na zimamoto wakazima gesi. Wote walipona.

Hewa mbili zisizopaswa kukutana

Watu wengi hawajui kwamba fanesi inashughulika na hewa ya aina mbili. Ya kwanza ni moshi wa moto, ambao lazima uende nje ya nyumba kabisa. Ya pili ni hewa ya vyumbani, ambayo feni huivuta, kuipasha joto na kuirudisha. Fanesi ikiwa gerejini, njia hii ya pili lazima iwe imefungwa kila mahali. Mfuniko wa chujio ukiachwa wazi, au bomba la hewa likiwa na tundu, feni itaanza kuvuta hewa ya gereji: moshi wa gari, mvuke wa petroli, rangi za kupakia. Itavipeleka hivyo vyote hadi kitandani kwa mtoto. Mbaya zaidi, mvuto huo unaweza kuurudisha chini moshi wa fanesi uliokuwa ukipanda. Kwa sababu hiyo usikate kamwe tundu kwenye bomba la hewa ili gereji nayo ipate joto. Nimeliona hilo zaidi ya mara moja.

Unachoweza kukiona mwenyewe

Huna haja ya kuwa fundi. Simama gerejini, fuata bomba la moshi kwa macho, kisha toka nje uone linatokea wapi. Kama huoni mwisho wake nje, zima fanesi na uite fundi. Bomba linatakiwa kupanda kuelekea nje, lisilale wala kushuka, kwa sababu moshi wa moto hupanda. Fanesi za kawaida hutoa moshi mkali sana, hivyo bomba lake ni la chuma, na katika gereji yenye baridi linatakiwa kuwa na kuta mbili ili moshi usipoe njiani. Zile zinazotumia gesi kidogo zaidi hutoa moshi uliopoa, ndiyo maana zina bomba la plastiki. Mtu akifunga plastiki kwenye fanesi ya aina ya kwanza, itayeyuka. Bomba la mashine ya kukaushia nguo halifai kwa yoyote kati ya hizi.

Masizi, kutu au michirizi ya maji kwenye bomba ni ishara mbaya. Mwako wa gesi uwe wa buluu. Ukiwa wa njano na unayumba, zima. Baada ya theluji nyingi, hakikisha tundu la bomba ukutani halijazibwa. Na kwa sababu mvuke wa petroli hukaa chini, kanuni za ujenzi kwa kawaida hutaka sehemu inayowasha moto iwe angalau inchi 18, karibu sentimita 45, juu ya sakafu ya gereji.

Mwilini inakuwaje

Kaboni monoksidi hushika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Dalili zake hufanana na mafua bila homa: kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu, kuchanganyikiwa. Mtoto mchanga hawezi kusema. Yeye hulialia, hakatai usingizi bali hulala kupita kiasi, na hanyonyi vizuri. Ukiwa mjamzito usisubiri hata dalili ndogo ipite, kwani damu ya mtoto tumboni huishika sumu hii zaidi na kuiachia polepole kuliko ya kwako.

Hospitalini, kile kifaa cha kubana kidoleni kinaweza kuonyesha oksijeni nzuri hata mtu akiwa na sumu hii. Taja kaboni monoksidi, au sema tu herufi CO, na uombe kipimo cha damu.

Kengele

Weka kengele ya CO karibu na vyumba vya kulala na katika kila ghorofa. Angalia tarehe nyuma yake, kwa maana huisha muda. Ujue pia kwamba si rahisi kuishtua: kwenye sehemu 70 kwa milioni inaweza kuchukua dakika 60 hadi 240 kabla ya kulia. Kwa hiyo vichwa vikiuma nyumba nzima na kengele iko kimya, bado mtoke. Milio minne, kimya, kisha minne tena maana yake ni gesi. Mlio mmoja mmoja kwa nafasi ni betri.

Ikilia, usitafute chanzo na usifungue madirisha kwanza. Beba watoto, toka, uhesabu watu, kisha piga 911 ukiwa nje. Sema "Swahili" na wataunganisha mkalimani. Msirudi ndani mpaka zimamoto waseme.

Kama mmepanga, fanesi ni kazi ya mwenye nyumba. Mwandikieni ujumbe na muuhifadhi. Kama nyumba ni yenu, fundi mwenye leseni aombe kibali mjini kabla ya kufunga, ili mkaguzi aje aone bomba linaishia wapi.