Nakuru bila alama ya kutoa: somo kutoka fomu ya Ushahidi

Kila anayetengeneza tovuti hukutana na swali hili mapema: mtu akijaza fomu na kubonyeza "Tuma", utaamini vipi alichoandika? Mafunzo mengi hutumia mfano wa fomu ya duka. Sisi Wakenya tuna mfano mzito zaidi.

Uchaguzi mkuu ulifanyika tarehe 27 Desemba 2007. Matokeo yalipotangazwa tarehe 30, ghasia zililipuka, na serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Tarehe 3 Januari 2008 mwanablogu Ory Okolloh aliomba wataalamu wa kompyuta watengeneze ramani ya kuonyesha maovu yalikotokea. David Kobia, Erik Hersman na Juliana Rotich walikuwa miongoni mwa walioitikia, na baada ya siku chache tovuti ya Ushahidi ilianza kazi. Wananchi walituma ripoti kwa fomu ya mtandaoni au kwa SMS. Mwishoni mwa mwezi huo ghasia zikaikumba Nakuru, kisha Naivasha. Tume ya Waki baadaye ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini.

Baadaye programu hiyo ilitolewa bure kwa umma, ikiwa imeandikwa kwa PHP juu ya kiunzi kiitwacho Kohana, ambacho siku hizi hakiendelezwi tena. Kiunzi cha namna hii hukupa sheria za ukaguzi zilizo tayari, kazi yako ni kuzipanga tu. Katika fomu ya ripoti, kichwa kilitakiwa kiwe na herufi 3 hadi 200, dakika ziwe 0 hadi 59, latitudo iwe kati ya -90 na 90, na longitudo kati ya -180 na 180.

Sasa tuijaribu kwa Nakuru. Mji uko karibu na latitudo -0.28 na longitudo 36.07. Mtu akizigeuza namba hizo, zote mbili bado zinapita, na tukio la Nakuru linaangukia baharini karibu na Algeria. Unaweza kubana sheria ili ikubali namba za Kenya pekee, na kosa hilo litanaswa. Lakini je, akisahau alama ya kutoa? Ikweta inapita Mogotio, kaskazini kidogo tu ya Nakuru. Kwa hiyo 0.28 nayo iko Kenya: ni kando ya Ziwa Bogoria, zaidi ya kilomita 60 kutoka mjini. Ukaguzi wote umepita, na ramani inaonyesha ghasia mahali ambapo hazikutokea. Anayeweza kulinasa kosa hilo kwa urahisi ni mtu anayesoma jina la mahali na kuitazama ramani.

Jambo la pili ni kile ambacho fomu haikulazimisha. Jina na barua pepe ya mtoa ripoti vilikuwa vya hiari, na barua pepe ilikaguliwa pale tu ilipoandikwa. Mwezi ule, jina lako la ukoo lingeweza kukuponza. Neno moja tu la "lazima" kwenye sehemu hiyo lingewanyamazisha mashahidi wengi.

Ndiyo maana kila ripoti ilikuwa na alama mbili tofauti katika hifadhidata: moja ya kuruhusiwa kuonekana, nyingine ya kuthibitishwa. Mwaka 2008 Okolloh na wenzake walizisoma ripoti, wakawasiliana na watumaji walioacha anwani, na kuzilinganisha na vyanzo vingine. Iliyoaminika lakini ikakosa uthibitisho ilichapishwa ikisema hivyo waziwazi.

Basi, ndugu msomaji, unapoandika fomu yako ijayo, panga sheria zote ambazo kiunzi chako kinakupa. Kisha ongeza safu moja zaidi kwenye jedwali lako, yenye swali ambalo kompyuta haiwezi kujijibu: je, kuna mtu aliyehakikisha kwamba jambo hili ni kweli?