Kodi ya Pili: Mhamiaji wa Dodoma na Mtaa Unaoendeka kwa Miguu

Tangu Julai 2016, Rais John Magufuli alipotangaza kwamba serikali yake itahamia Dodoma, watumishi wa umma wamekuwa wakifungasha vyombo Dar es Salaam na kwenda kuanza maisha katikati ya nchi. Uamuzi wenyewe haukuwa mpya. TANU iliupitisha mwaka 1973, ila kwa zaidi ya miaka arobaini mtumishi wa kawaida aliweza kuishi bila kuuwazia. Safari hii mambo yalikwenda haraka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma Mjini. Ile ya 2022 ilihesabu 765,179. Kila familia iliyofika katika miaka hiyo ilikabiliwa na swali moja: ikae mtaa gani?

Swali hilo mara nyingi huachiwa dalali. Mhamiaji huuliza vyumba ni vingapi, kama kuna masta, kama maji yanatoka kila siku, kama umeme ni wa luku ya peke yake, kama kuna fensi na nafasi ya kuegesha gari. Ni maswali ya haki. Lakini yote huishia getini. Nani atakwenda kununua mboga, na kwa njia gani? Mtoto atafikaje shuleni? Mama mzazi aliyekuja kukaa na wajukuu atafika vipi kanisani au msikitini bila kumsubiri mtu wa kumpeleka? Makala hii inadai kwamba maswali hayo ya nje ya geti ndiyo yanayostahili kutangulia, na kwamba katika Dodoma ya leo kuyaacha nyuma ni kosa la gharama kubwa.

Gharama hiyo inahesabika. Tuchukue mfano wa nyumba iliyo mbali na barabara ya daladala, ambako mkaaji hulipa bodaboda shilingi 1,000 kutoka nyumbani hadi kituoni na 1,000 nyingine kurudi. Kwa siku 26 za mwezi, hiyo ni shilingi 52,000. Kwa mwaka, 624,000. Huyo ni mtu mmoja, na bado hajapanda daladala yenyewe. Wakiwa watatu, hesabu inapita milioni moja na laki nane. Nyumba iliyoonekana rahisi inadai kodi ya pili, inayolipwa kidogokidogo asubuhi na jioni, na kwa sababu hailipwi kwa mkupuo hakuna anayeiandika mahali. Kodi ya kwanza, kinyume chake, hulipwa kwa miezi sita au mwaka mzima kabla ya kukabidhiwa ufunguo, pamoja na chake dalali. Mtu akigundua mwezi wa pili kwamba mtaa haumfai, hela yake imeshafungwa.

Mpango wa mji wenyewe haukukusudia hivyo. Mpango kabambe wa 1976, uliochorwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, ulikataa mfano wa makao makuu yenye barabara pana za gwaride na majumba ya kutisha. Kwa kufuata fikra za Ujamaa, ulitaka mji wa jumuiya ndogondogo, ambamo mtu angefanya shughuli zake za kila siku kwa miguu na kutumia basi kwa safari ndefu. Gari binafsi halikupewa kipaumbele. Inafaa kulikumbuka hilo kila anaposikika mtu akisema kwamba mji unaoendeka kwa miguu ni fikra ya kuazima kutoka Ulaya ya sasa. Tanzania iliiandika katika karatasi zake rasmi karibu nusu karne iliyopita.

Karatasi hizo zilikosa fedha, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyosimamia ujenzi wa mji tangu 1973, ilivunjwa mwaka 2017. Mji ulioibuka baadaye umetanuka kwa kufuata barabara kuu. Mji wa Serikali uliwekwa Mtumba, kilomita 17 hivi kutoka katikati ya jiji kwa barabara ya Dar es Salaam. Barabara ya mzunguko wa nje, yenye urefu wa kilomita 112.3, imepitishwa katika maeneo ambayo mengi yalikuwa mashamba, na viwanja vinaifuata.

Hapo ndipo panapotokea pingamizi la kwanza, tena zito. Kama ofisi iko Mtumba, mfanyakazi atapanda gari tu, awe anaishi Makole au Ihumwa. Kuna faida gani basi kutafuta mtaa wa kutembea? Pingamizi hili linahesabu safari moja na kuzisahau kumi. Mtumishi huondoka na basi la wafanyakazi asubuhi na kurudi jioni. Anaowaacha nyumbani ndio wenye safari nyingi: dukani, mashineni, shuleni, zahanati, duka la dawa, kwa fundi cherehani, msibani. Mara nyingi mwenye gari ndiye anayechagua nyumba, na wasio na gari ndio wanaoiishi mchana kutwa. Familia inayotaka kuchagua kwa haki ingeanza na miguu ya hao.

Wataalamu wa miji wamelifikiria jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1929 Clarence Perry, katika mpango wa mkoa wa New York, alipendekeza mtaa ambao kitovu chake ni shule ya msingi, huku kila nyumba ikiwa ndani ya robo maili, yaani mita 400 hivi, mwendo wa dakika tano. Barabara kubwa zingepita pembezoni, zisiukate mtaa katikati. Jane Jacobs, katika kitabu chake cha 1961 kuhusu miji ya Marekani, alikwenda mbali zaidi na kukosoa fikra za aina hiyo. Kwake umbali peke yake hautoshi. Uhai wa mtaa unatokana na mchanganyiko wa matumizi, vipande vifupi vya mitaa vyenye kona nyingi, majengo ya rika tofauti na watu wa kutosha. Msomaji aliyewahi kupita Kariakoo haoni ugeni katika maelezo hayo.

Mwaka 2007 huko Seattle ilianzishwa huduma ya Walk Score, inayompa mhamiaji alama ya mtaa kutoka sifuri hadi 100. Huduma iliyo ndani ya mwendo wa dakika tano hupata pointi zote, na pointi hupungua hadi kwisha kabisa kwenye dakika thelathini. Ni chombo kizuri pale ambapo kila duka limo kwenye ramani. Dodoma, genge la mama anayeuza mchicha na nyanya chini ya mwarobaini halimo, wala banda la chipsi, wala fundi viatu wa kona. Anayetegemea ramani ya simu ataiona mitaa iliyo hai kama uwanja mtupu. Lazima aende mwenyewe.

Akienda, aende jioni, jua likishazama, maana saa hizo mtaa husema ukweli. Genge lenye nyanya na vitunguu vilivyopangwa mafungu madogomadogo ni dalili kwamba wateja wake hupita kwa miguu wakirudi nyumbani na kununua mahitaji ya usiku huo. Palipo na magunia na matenga tu, wateja huja na magari. Atazame kama wanawake na watoto bado wako njiani na kama taa za barabarani zinawaka. Aulize kijiwe cha bodaboda bei ya kufika nyumba aliyoonyeshwa. Jibu lao ni kipimo cha umbali ambacho dalali hawezi kukipunguza.

Kuna mambo ambayo ni ya Dodoma hasa. Mji uko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, mvua ni haba na huja zaidi kati ya Desemba na Aprili. Wakati wa kiangazi upepo hubeba vumbi, na Oktoba jua la mchana halina huruma. Mita 800 chini ya miti na mita 800 za mtaa mpya uliofyekwa kila kitu si safari moja, hata kama saa inahesabu dakika zilezile kumi. Kisha kuna makorongo. Nyumba inaweza kuonekana iko hatua chache kutoka barabarani kwa sababu Agosti watu hukatiza korongo kavu. Januari maji yakishuka, njia hiyo haipo, na mzunguko wake unaweza kuwa mrefu mara tatu. Anayepangishwa wakati wa kiangazi awaulize majirani masika wanapita wapi.

Na barabara kuu? Hii ni hoja ya uhai na kifo. Mtaa unaweza kuwa na soko, shule na kituo cha daladala, vyote ndani ya dakika kumi, lakini kama mtoto wa darasa la pili analazimika kuvuka barabara ya malori ili afike darasani, mtaa huo hauendeki. Dar es Salaam imetoa ushahidi kwamba tatizo hili linatibika kwa gharama ndogo. Shirika la Amend, kupitia mradi wa usalama wa barabarani kuzunguka shule, lilijenga njia za waenda kwa miguu na matuta, na palipowezekana likahamisha geti la shule lisitazame barabara kubwa. Utafiti uliochapishwa 2018 ulionyesha majeruhi wamepungua kwa asilimia 26, na 2019 mradi huo ulishinda tuzo ya miji ya WRI Ross Center.

Wapo watakaosema mitaa ya karibu na katikati ya mji, kama Majengo na Chamwino, imebanana, ina kelele za baa na muziki, na haina kiwanja cha kujenga. Ni kweli kwa kiasi kikubwa, na hamu ya kumiliki kiwanja chenye hati si jambo la kudharauliwa kwa mtu anayepanga uzee wake. Lakini kupanga na kujenga ni maamuzi mawili. Hakuna kinachomzuia mhamiaji kununua kiwanja Nala huku akiishi miaka yake ya kwanza, watoto wakiwa wadogo, mahali panapofikika kwa miguu.

Ubanano nao si laana ya kuzaliwa nayo. Sinza, jijini Dar es Salaam, ilipimwa katika miaka ya 1970 chini ya mradi wa viwanja na huduma uliokopeshwa fedha na Benki ya Dunia. Viwanja vilikuwa vidogo, lakini barabara, maji na maeneo ya shule yalipangwa pamoja navyo, na leo mkazi wa Sinza hupata karibu kila anachohitaji bila kuvuka mtaa wa tatu. Mradi wa viwanja 20,000, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2002, ulipima maeneo ya pembezoni kama Kibada na Tuangoma. Hati zilitoka, ila huduma nyingi zilichelewa, na viwanja vingi vilikaa miaka bila nyumba. Tofauti kati ya miradi hiyo miwili iko katika mpangilio wa kazi: mmoja ulianza na huduma, mwingine na mipaka ya viwanja.

Jiji la Dodoma bado lina nafasi ya kufuata mfano wa Sinza katika maeneo yanayopimwa kuelekea barabara ya mzunguko: kutenga viwanja vya maduka na masoko madogo ndani ya mitaa, kujenga vivuko vya miguu juu ya makorongo kabla ya watu kuhamia, na kupanda miti upande mmoja wa njia angalau. Ofisi zinazohamisha watumishi nazo zinaweza kusaidia kwa jambo dogo zaidi, nalo ni kumpa mtumishi na mwenzi wake wiki moja ya kuizunguka mitaa pamoja kabla ya kulipa kodi ya mwaka.